Namna ya Kuchagua Vichaka vya Maua Vinavyostawi Katika Kiangazi Chenye Joto na Ukame: Mwongozo Kamili

Kichaka cha maua hununuliwa kwa uzuri wa ua lake, ilhali kinachokiwezesha kuvuka kiangazi ni mizizi na majani yake. Anayechagua kwa kutazama ua peke yake huishia kumwagilia kila jioni mmea ambao tangu mwanzo haukuumbwa kwa mahali pale, na bado mmea huo hufa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanza na ardhi, unapitia umbo la jani na hali ya mzizi, na ndipo unapofika kwenye rangi ya ua. Ukifuata mpangilio huo, orodha ya vichaka unavyoweza kuvichagua itapungua sana, na vile vitakavyobaki ndivyo utakavyoweza kuvitegemea kwa miaka mingi.

Hatua ya kwanza: chunguza mahali utakapopanda

Joto na ukame ni mambo mawili tofauti, hata kama mara nyingi huja pamoja, na mmea unaovumilia moja unaweza kushindwa na jingine. Haibiskasi ya kawaida, Hibiscus rosa-sinensis, hufurahia joto na huchanua vizuri katika jua kali, lakini udongo ukikauka kwa majuma mawili huanza kudondosha vitumba kabla havijafunguka. Kwa upande mwingine, lavenda ya aina ya Lavandula angustifolia, ambayo asili yake ni milima ya nchi za Mediterania, huvumilia ukame bila shida, ila hudhoofika mahali ambapo usiku ni wa joto na hewa imejaa unyevunyevu. Kwa hiyo jiulize kwanza kama joto lako ni kavu au la mvuke, na kama usiku hupoa au haupoi.

Swali la pili ni mvua hunyesha lini. Kuna maeneo matano duniani yanayojulikana kwa kupata mvua wakati wa baridi na ukame wakati wa kiangazi, nayo ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, California, Chile ya kati, eneo la Rasi nchini Afrika Kusini, na sehemu za kusini na kusini-magharibi mwa Australia. Vichaka vingi vya huko hukua wakati wa mvua za baridi na hupumzika wakati wa joto. Ukivimwagilia mara kwa mara katika kilele cha kiangazi, unaweka pamoja udongo wa moto na maji, hali ambayo vimelea vya kuozesha mizizi huipenda kuliko nyingine yoyote. Vichaka vilivyotoka nchi za tropiki, au kwenye majangwa ambayo hupata mvua za kiangazi, huwa na tabia nyingine: hungoja mvua ya joto na kuchanua mara tu ikinyesha. Kujua asili ya kichaka kunakueleza ni wakati gani kinataka maji na ni wakati gani kinataka kuachwa.

Baridi nayo isisahaulike, hata katika mwongozo unaohusu joto. Ramani zinazotumika sana kuchagulia mimea hugawa maeneo kwa kuangalia kiwango cha chini cha baridi, na hazielezi lolote kuhusu kiangazi. Ndiyo maana mwaka 1997 chama cha kilimo cha bustani cha Marekani kilitoa ramani ya joto yenye kanda 12, inayohesabu ni siku ngapi kwa mwaka joto hupanda juu ya takriban nyuzi 30 za selisiasi. Hata kama huna ramani ya namna hiyo kwa mahali ulipo, kipimo chenyewe ni cha manufaa na unaweza kukihesabu mwenyewe kwa kutumia taarifa za hali ya hewa za miaka michache iliyopita. Kama mahali pako huganda wakati wa baridi, bogenvilia itakuwa mmea wa chunguni wa kuingizwa ndani, hata kama kiangazi chenu ni kikali kiasi gani.

Halafu simama pale unapotaka kupanda, asubuhi, adhuhuri na alasiri, katika siku moja yenye jua. Sehemu iliyo mbele ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri hupokea joto mara mbili, la jua lenyewe na lile linalorudishwa na ukuta, na ukuta huo huendelea kutoa joto hadi usiku. Njia iliyosakafiwa na eneo la changarawe nyeupe hufanya vivyo hivyo. Sehemu inayopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri ni ya upole zaidi, na hapo unaweza kupanda vichaka ambavyo mbele ya ukuta vingeungua. Upepo mkavu pia uhesabiwe, kwa kuwa hukausha majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapelekea maji.

Hatua ya pili: pima udongo na jinsi unavyopitisha maji

Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, na ndilo linalorukwa mara nyingi. Vichaka vingi vinavyostahili kuitwa vya ukame havifi kwa kiu. Hufa kwa sababu mizizi yake ilikaa kwenye maji yaliyotuama, pengine katika msimu wa mvua uliotangulia, na joto lilipokuja ikawa haina tena uwezo wa kunyonya. Mwenye bustani huona majani yamenyauka, hudhani mmea una kiu, huongeza maji, na hivyo humalizia kazi iliyoanzwa na uozo.

Kipimo chake ni rahisi. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30 na upana wa sentimita 30, lijaze maji, uyaache yazame yote ili udongo wa kandokando uloe. Lijaze tena, chomeka kijiti chenye alama, kisha upime maji yamepungua sentimita ngapi kwa saa. Yakipungua kati ya sentimita 2.5 na 7.5 kwa saa, udongo wako unafaa kwa vichaka vingi. Yakipungua chini ya sentimita 2.5, vichaka vya Mediterania kama lavenda na rozimeri havitadumu hapo isipokuwa uviinulie tuta. Yakitoweka kwa kasi zaidi ya sentimita 10 kwa saa, udongo ni kichanga mno, hauwezi kutunza maji, na utahitaji mboji na matandazo mazito, au mimea iliyozoea kichanga.

Udongo wa mfinyanzi usikukatishe tamaa. Hushika maji mengi na virutubisho vingi, na kichaka kilichofanikiwa kupenyeza mizizi ndani yake hustahimili ukame kuliko kile kilicho kwenye kichanga. Tatizo lake ni hewa. Tuta lenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa ardhi, lililochanganywa na mboji na changarawe, huipa mizizi ya juu nafasi ya kupumua huku ile ya chini ikifuata unyevu taratibu. Tahadhari moja: usimwage mchanga kidogo kwenye mfinyanzi kwa matumaini ya kuulainisha, kwani mchanganyiko wa namna hiyo ukikauka huwa mgumu kuliko mfinyanzi wenyewe.

Udongo ulioshindiliwa na magari au na mafundi wakati wa ujenzi unahitaji kuvunjwa kabla ya lolote lingine. Mfano unaostahili kutajwa ni bustani ya changarawe ya Beth Chatto, mtaalamu wa bustani wa Uingereza, aliyoianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Essex, mahali palipokuwa maegesho ya magari. Eneo hilo hupata takriban milimita 500 tu za mvua kwa mwaka, na aliamua kwamba halitamwagiliwa maji. Kilichofanya uamuzi huo uwezekane ni kazi iliyotangulia: ardhi ilivunjwa kwa kina, mboji ikachanganywa, na mimea ikachaguliwa kulingana na mahali. Mizizi isiyoweza kushuka chini haiwezi kuvuka kiangazi, hata iwe ya mmea wa jangwani.

Mwisho, fahamu kama udongo wako una tindikali au chokaa. Azalea, kamelia na gadenia zinahitaji tindikali, na kwenye udongo wa chokaa majani yake hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa kuwa madini ya chuma hayanyonyeki. Lavenda, rozimeri na oleanda haziogopi chokaa. Kipimo cha pH cha bei ndogo kinatosha kukupa jibu.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma jani

Mmea hupoteza maji kupitia vitundu vidogo sana vilivyo kwenye majani, vinavyofunguka ili kuingiza hewa inayotumika katika usanisinuru. Ukivifunga unaokoa maji lakini unakosa chakula, na jani lisilotoa mvuke hupata joto kuliko hewa inayolizunguka. Kila mmea wa nchi kavu umepata namna yake ya kutatua ugumu huo, na namna hizo zinaonekana kwa macho.

Chukua kijitawi cha rozimeri ukigeuze jani lake. Utaona kwamba kingo zake zimekunjwa kuelekea chini na kuacha mfereji mwembamba katikati, na mfereji huo umejaa vinyweleo vyeupe kama pamba. Vitundu vya kupitishia hewa vimefichwa humo ndani, ambamo upepo haufiki na unyevu hukaa kidogo kabla ya kupotea. Jani la oleanda hufanya jambo linalofanana kwa njia nyingine: upande wake wa chini una vishimo vidogo vilivyozibwa kwa vinyweleo, na vitundu vimejipanga ndani ya vishimo hivyo, wakati upande wa juu ni mgumu na umefunikwa kwa nta.

Kwa hiyo unapokuwa kwenye kitalu cha miche, tafuta alama hizi. Rangi ya kijivu au ya fedha hutokana na vinyweleo vinavyorudisha mwanga wa jua. Majani madogo au membamba hupoa haraka kuliko mapana. Majani magumu yanayong'aa kwa nta hupoteza maji polepole. Harufu kali ukilisugua jani huashiria mafuta, ambayo ni ya kawaida kwa mimea ya nyanda kavu. Miba, shina nene lenye kuhifadhi maji, na tabia ya kuangusha majani wakati wa ukame ni dalili nyingine njema. Kinyume chake, jani pana, laini, jembamba kwa unene na la kijani kibichi, kama la haidrenjia, linakwambia waziwazi kwamba mmea huu unataka kivuli na maji. Haidrenjia inapendeza, na mahali pake si mbele ya ukuta wa alasiri.

Alama hizi si sheria. Plambago ina jani laini lisilo na dalili yoyote ya ujangwa, na bado huvumilia ukame vizuri kwa sababu ya mizizi yake. Ila ukiwa mbele ya mmea usioujua na hakuna wa kumwuliza, jani ndilo litakalokupa taarifa ya kuaminika zaidi.

Hatua ya nne: linganisha vichaka na mahali pako

Nimeviweka hapa vichaka ambavyo naweza kuvisemea bila wasiwasi. Majina ya kienyeji hubadilika kutoka mahali hadi mahali na jina moja huweza kubeba mimea miwili, hivyo unaponunua ulizia jina la kitaalamu.

Kwa mahali penye jua la kutwa, joto la ukutani na baridi isiyogandisha, sijaona kinachoishinda bogenvilia. Asili yake ni Amerika Kusini. Kile kinachoitwa ua lake ni majani yaliyobadilika rangi, na maua halisi ni vile vijibomba vyeupe vidogo vilivyomo katikati, kwa kawaida vitatu. Majani hayo ya rangi ni makavu kama karatasi na hayanyauki upesi, ndiyo maana mmea hubaki umepambwa kwa majuma mengi. Bogenvilia huchanua vizuri zaidi ikionjeshwa kiu kidogo, na ikipewa maji mengi pamoja na mbolea ya naitrojeni hutoa matawi marefu ya kijani bila rangi yoyote. Ina miba mikali, kwa hiyo isipandwe karibu na njia nyembamba. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, basi uitoe chunguni kwa uangalifu bila kulipasua bonge la udongo.

Oleanda, Nerium oleander, hustahimili joto, upepo, chumvi ya baharini na udongo duni, na huchanua kwa miezi mingi kwa rangi nyeupe, waridi na nyekundu. Kwa sababu hizo imepandwa kandokando ya barabara kuu huko California na katika nchi za Mediterania. Nitarudi kwenye sumu yake hapo chini, kwa kuwa ndiyo inayopaswa kuamua kama utaipanda au la.

Mahali penye kiangazi kikavu, udongo unaopitisha maji na majira ya baridi yasiyo makali sana, kundi la Mediterania ndilo la kwanza kulifikiria: lavenda, rozimeri na sistasi, yaani Cistus. Ua moja la sistasi hudumu siku moja tu, petali zake nyembamba zilizokunjamana zikidondoka jioni, lakini kesho yake mengine hufunguka, na kichaka kilichokomaa huendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Kama usiku wako ni wa joto, chagua Lavandula dentata, yenye kingo za majani zilizochongoka, badala ya angustifolia. Wote watatu hawataki mbolea nyingi, na udongo ulionona huwafanya wakue haraka, walegee na kufa mapema.

Plambago, Plumbago auriculata, ya Afrika Kusini, inatoa rangi ya samawati hafifu ambayo ni adimu katika vichaka vya joto. Hukua kwa kutawanyika na hufaa kwa ua wa uzio usiokatwa kwa ukali. Jirani yake wa nyumbani, Tecomaria capensis, huchanua kwa rangi ya chungwa na huvuta ndege wanaonyonya nekta.

Leucophyllum frutescens hutoka Texas na kaskazini mwa Meksiko. Majani yake ni ya fedha, na maua ya zambarau hulipuka kwa pamoja unyevu wa hewa unapopanda au baada ya mvua ya kiangazi. Huu ndio mmea ninaoupendekeza kwa mtu ambaye hawezi kumwagilia, kwa sharti kwamba udongo wake haushiki maji, kwa maana ukiloweka mizizi yake huoza kabla hujagundua.

Kutoka Australia kuna Callistemon, wenye maua yanayofanana na brashi ya kusafishia chupa, na Grevillea. Callistemon ni mvumilivu wa pande zote mbili, hukubali ukame na pia udongo unaoloa kwa muda, hivyo hufaa kwa wenye mfinyanzi. Grevillea inahitaji uangalifu mmoja mkubwa: mizizi yake imeumbwa kunyonya fosforasi kutoka kwenye udongo maskini sana, na mbolea ya kawaida yenye fosforasi huidhuru hadi kuiua. Kama udongo wako umewekwa samadi au mbolea ya chumvichumvi miaka nenda miaka rudi, iache.

Kwa mahali penye kiangazi cha moto na baridi inayogandisha, Lagerstroemia indica ya Asia na Vitex agnus-castus ni chaguo la busara. Zote huangusha majani wakati wa baridi na huchanua katikati ya joto, wakati vichaka vingine vimechoka. Lagerstroemia iwekwe kwenye jua kamili na hewa inayopita, kwani kivulini majani yake hupata ukungu mweupe wa unga.

Usijaze eneo lote kwa aina moja. Tangu miaka ya 1990 oleanda za kusini mwa California zimekuwa zikikauka kwa ugonjwa wa bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, anayesambazwa na wadudu wafyonzaji, na palipokuwa na safu ndefu ya oleanda tupu palibaki na safu ndefu ya miti mikavu. Aina tatu au nne katika uzio mmoja ni bima ya kweli.

Hatua ya tano: ondoa vilivyo hatari

Ustahimilivu una upande wake mbaya. Mmea usiohitaji mtu kuutunza unaweza kutoroka bustanini na kuvamia mashamba na misitu. Lantana camara, iliyosambazwa kutoka Amerika ya tropiki kama pambo, imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, ndege hubeba mbegu zake mbali, na majani yake hudhuru mifugo. Tecoma stans, yenye maua ya manjano yanayovutia, imekuwa gugu katika sehemu kadhaa za Afrika, Australia na visiwa vya Pasifiki, na Buddleja davidii hujiotea yenyewe hadi kwenye nyufa za kuta huko Uingereza. Ulizia kwa wataalamu wa kilimo wa eneo lako kama kichaka unachokitaka kimo katika orodha ya mimea iliyokatazwa. Kama kimo, hakuna uzuri wa ua unaohalalisha kukipanda.

Oleanda ina sumu katika kila sehemu yake, kuanzia jani hadi ua, na sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo. Vijiti vyake visitumike kuchomea nyama, matawi yaliyokatwa yasichomwe moto kwa kuwa moshi wake pia una madhara, na yasitupwe panapofikiwa na mbuzi, ng'ombe au farasi. Maoni yangu ni kwamba penye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, oleanda isipandwe kabisa. Euphorbia milii ya Madagaska hustahimili ukame kwa namna ya ajabu, ila utomvu wake mweupe huwasha ngozi na ni hatari machoni, kwa hiyo vaa glavu unapoikata.

Hatua ya sita: kagua miche kitaluni

Hapa watu wengi huvutwa na mmea mkubwa uliojaa maua. Chagua mdogo. Mche wa chungu kidogo hutoa mizizi mipya ardhini haraka kuliko mkubwa, na mara nyingi baada ya miaka miwili au mitatu huwa umemfikia mwenzake aliyenunuliwa kwa bei kubwa. Mmea uliojaa maua nao unatumia nguvu zake juu wakati unaohitaji kuzitumia chini.

Omba ruhusa ya kuutoa mche chunguni. Weka kiganja juu ya udongo, shina likiwa katikati ya vidole, pindua chungu na ukigonge ukingo wake taratibu. Mizizi mizuri ni myeupe au ya hudhurungi hafifu, imara ukiibonyeza, na inaonekana kuzunguka bonge bila kulifunika lote. Ukikuta mizizi imejizungusha kwenye kitako cha chungu hadi udongo hauonekani, mche huo umefungika: mizizi yake itaendelea kuzunguka hata ardhini, na katika kiangazi cha kwanza haitakuwa imefika popote. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya uozo ni ya kuachwa hapo hapo. Kwaruza pia shina kidogo kwa ukucha, maana chini ya gome panapaswa kuwa na ubichi wa kijani.

Angalia vilevile mahali mche ulipokuwa umewekwa. Uliolelewa chini ya wavu wa kivuli utaungua ukiuhamishia kwenye jua kali siku hiyo hiyo. Uzoeshe kwa siku 10 hadi 14, ukiongeza saa za jua hatua kwa hatua.

Hatua ya saba: panda wakati unaofaa

Wakati bora wa kupanda ni joto linapoanza kupungua na mvua zinakaribia, ili mmea upate miezi kadhaa ya kutoa mizizi kabla ya kiangazi kijacho. Vichaka visivyovumilia baridi, kama bogenvilia, vipandwe baada ya hatari ya kuganda kupita. Kupanda katikati ya kiangazi kwa sababu tu miche imepunguzwa bei ni kununua hasara.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, na kina kisichozidi bonge lenyewe, ili mmea usizame udongo unapotulia. Rudishia udongo ule ule uliochimba. Kujaza shimo mboji tupu huifanya mizizi ikae kwenye anasa ya shimo bila kutoka, na kwenye mfinyanzi shimo la namna hiyo hugeuka kisima. Kama unataka kuboresha udongo, boresha eneo zima. Kisha tengeneza kingo ya udongo inayozunguka mmea, yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, mwagilia hadi maji yatulie, na utandaze matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 8. Vipande vya mbao au majani makavu vinafaa kwa vichaka vingi, na changarawe inafaa zaidi kwa lavenda na wenzake. Acha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina, kwani matandazo yanayoligusa huliozesha.

Kwa wanaopanda kwenye vyungu, rangi na ukubwa wa chungu vina uzito mkubwa. Udongo ulio kwenye chungu cheusi cha plastiki, upande unaopigwa na jua, unaweza kupita nyuzi 45, joto linaloua mizizi. Tumia chungu kikubwa cha rangi nyepesi au cha udongo wa kuchomwa.

Hatua ya nane: mwagilia kwa kina katika viangazi viwili vya mwanzo

Maneno "hustahimili ukame" yaliyoandikwa kwenye kibandiko humhusu mmea uliokwisha kuzamisha mizizi. Mche uliotoka kitaluni jana una mizizi yenye ukubwa wa chungu chake na si zaidi, na kwa viangazi viwili utakutegemea wewe.

Lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Milimita 25 za maji huzama takriban sentimita 30 kwenye kichanga, sentimita 15 hadi 20 kwenye udongo tifutifu, na sentimita 10 hadi 12 kwenye mfinyanzi. Ndani ya kingo ya sentimita 60, lita 10 ni kama milimita 35, kiasi ambacho kwenye tifutifu hufika kina cha sentimita 20 au zaidi kidogo. Kwa hiyo ndoo moja iliyomiminwa polepole ina faida kubwa kuliko kunyunyizia kila siku, kwani maji yanayoishia sentimita mbili za juu huifundisha mizizi kukaa juu, kwenye udongo unaochomwa na jua.

Katika majuma ya mwanzo mwagilia kila baada ya siku tatu au nne, kisha ongeza nafasi hadi juma moja, na kiangazi cha pili hadi majuma mawili. Usifuate kalenda kama kipofu. Chimba kwa mwiko mdogo kandokando ya mmea hadi sentimita 10 au 15, uchukue udongo wa huko na kuufinya kiganjani. Ukishikamana na kuacha ubaridi mkononi, ngoja. Ukimomonyoka kama vumbi, mwagilia. Angalia pia wakati majani yanaponyauka: yakilegea alasiri na kusimama tena alfajiri, mmea unajikinga tu na joto, yakiwa yamelegea bado asubuhi, kagua udongo, na kama ni mbichi, tatizo ni mizizi na maji zaidi yataharakisha kifo chake.

Hatua ya tisa: pogoa kulingana na tawi linalochanua

Bogenvilia, plambago, Lagerstroemia na Vitex huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo hupogolewa mwishoni mwa baridi au kabla ya ukuaji kuanza. Callistemon hukatwa mara baada ya kuchanua, nyuma kidogo tu ya maua yaliyokauka. Lavenda na sistasi hupunguzwa kidogo baada ya maua, na kamwe zisikatwe hadi kwenye mbao kuukuu zisizo na majani, kwa kuwa hazichipui tena kutoka huko. Katikati ya wimbi la joto usipogoe chochote, maana majani yaliyokuwa kivulini yataungua na machipukizi laini yatadai maji usiyokuwa nayo. Mbolea nayo ingoje hadi joto lipungue.

Kuanzia mwaka wa tatu, punguza maji hatua kwa hatua na uache kila kichaka kionyeshe uwezo wake. Kile kinachodai ndoo kila juma ilhali jirani zake wametulia kihamishiwe penye kivuli cha alasiri mvua zitakapoanza, na pengo lake lijazwe kwa aina ambayo tayari imethibitika kwenye udongo huo huo.